Kikosi cha watu 26 na namba za ukutani Fenway: nani anastahili nini

Wakuu, mjadala huu hauishi kwa sababu umebeba maswali mawili kwa mpigo. Mdau wa kwanza aliuliza kwa nini Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, wanamteremsha Worcester, timu yao ya ligi ndogo, kijana aliyepiga .400 (hiti, yaani mipigo iliyomfikisha besi, nne katika kila zamu rasmi kumi) kwenye mechi za mazoezi za Machi, huku benchi akibaki mkongwe wa .220. Wa pili akasema kama mchezaji wa zamani Jim Rice namba yake imestaafishwa, yaani haivaliwi tena na imebandikwa ukutani Fenway, uwanja wa timu hiyo, basi kumnyima mwenzake Dwight Evans ni dhuluma. Majibu mengi yamepima yote mawili kwa rula moja, "nani mkali zaidi", na kila mtu akaondoka na takwimu zake mkononi.

Nafasi kikosini mtu anapewa kwa kile anachotarajiwa kufanya kesho, pamoja na masharti ya mkataba yanayomfunga yeye na klabu. Heshima ya klabu anapewa kwa alichokwisha kufanya akiwa na klabu hiyo hiyo. Nianze na kikosi, maana huko ndiko lawama nyingi zinatokana na kutojua kanuni.

Tangu 2020 kikosi cha mechi ni wachezaji 26. Kabla ya hapo walikuwa 25. Warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13, na timu karibu zote hujaza hao 13. Septemba kikosi hupanda hadi 28, warushaji wasizidi 14. Zamani Septemba ungeweza kuita hata watu 40, ndiyo maana mashabiki wa siku nyingi bado wanasema "si wamwite tu Septemba". Siku hizi nafasi za nyongeza ni mbili basi. Nyuma ya hao 26 iko orodha ya watu 40, na asiye kwenye orodha hiyo hapandi mpaka apatikane mtu wa kuondolewa, au mwenye jeraha refu ahamishiwe orodha ya majeruhi ya siku 60, ambayo ndiyo pekee inayofungua nafasi katika 40. Orodha fupi za majeruhi, siku 10 kwa wapigaji na siku 15 kwa warushaji, zinafungua nafasi katika 26 tu.

Sasa piga hesabu ya benchi. Ukitoa warushaji 13, wanabaki 13. Tisa wanaanza, akiwemo mpigaji maalumu asiyecheza ulinzi. Wanabaki wanne. Mmoja lazima awe mdakaji wa pili, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, maana mdakaji akiumia katikati ya mechi huwezi kumweka pale nyuma mtu ambaye hajawahi kuvaa vifaa. Mwingine lazima aweze kucheza shotistopi, mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu, kwa kuwa anayeweza shotistopi anaweza pia besi ya pili na ya tatu, lakini wa besi ya kwanza hawezi kurudi upande huo. Wa tatu lazima aweze kukimbia uwanja wa kati nyuma. Imebaki nafasi moja ya mtu wa kupiga tu. Kwa hiyo kijana wenu wa .400, kama anacheza besi ya kwanza na kona ya kushoto peke yake, hashindani na yule mkongwe wa .220 anayecheza shotistopi. Anashindana na mtu mwingine kabisa, na mara nyingi huyo mwingine ana mkataba mkubwa.

Hilo la .400 lenyewe tulitazame kwa karibu. Mchezaji wa kawaida anapata zamu 50 hivi za kupiga Machi nzima, kule Florida au Arizona. Ondoa alizopewa besi ya bure, mrushaji alipokosa shabaha mara nne, zinabaki labda 45. Hiti 18 katika 45 ni .400. Mpigaji wa .270, ambaye ni mzuri tu wa kawaida, angepata 12. Tofauti ya "nyota" na "wa kawaida" hapo ni mipira sita, na kati ya hiyo sita mitatu inaweza kuwa mipira dhaifu iliyopita katikati ya walinzi. Ongeza kwamba kuanzia awamu ya sita wanaorusha ni vijana wa Double-A, ngazi mbili chini ya ligi kuu, wenye namba za themanini mgongoni, na kwamba mkongwe anayeanza mechi anaweza kuwa anajaribu mpira mpya aliojifunza majira ya baridi, hajali ukipigwa. Baseball-Reference wanaweka alama ya ubora wa wapinzani aliokutana nao mchezaji Machi, 10 ikiwa ni kiwango cha ligi kuu. Itazame hiyo kabla ya kutaja wastani.

Takwimu zinazokaa sawa mapema ni chache. Kiwango cha kutolewa kwa straiki tatu huanza kueleza ukweli baada ya zamu 60 hivi, kiwango cha kupewa besi za bure baada ya 120 hivi. Wastani wa hiti unahitaji zamu nyingi sana, zaidi ya msimu mzima. Ndiyo maana kwa Machi mimi natazama mambo mawili tu kwa mpigaji: straiki tatu zimepungua kulinganisha na mwaka jana, na kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Mpira wa maili 95 kwa saa, yaani kilomita 153, na kuendelea ndio unaohesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Kijana anayepiga .240 huku mipira yake mingi inavuka hapo, ananishawishi zaidi ya wa .400 wa mipira mifu.

Boston wenyewe wana mfano ambao kila shabiki anapaswa kuukumbuka. Machi 2013 Jackie Bradley Jr. alipiga .419, mji mzima ukamtaka, akafungua msimu na timu kubwa. Akapata hiti 3 katika zamu rasmi 31, wastani .097, na kabla Aprili haijaisha alikuwa Pawtucket, kwenye ligi ndogo. Mchezaji hakuwa mbaya: miaka mitano baadaye alichukua Gold Glove, tuzo ya ulinzi bora, na alikuwa mchezaji bora wa fainali ya American League ya 2018. Wastani wa Machi ndio haukuwa ushahidi wa kumweka pale Aprili ile.

Kuna upande wa pili wa shilingi, ambao mashabiki wana haki ya kukasirika nao: siku za utumishi. Mwaka kamili wa utumishi ni siku 172, na msimu una siku takriban 186. Baada ya miaka 3 mchezaji anaweza kudai mshahara kwa msuluhishi. Baada ya miaka 6 anakuwa huru. Kwa hiyo klabu ikimchelewesha kijana wiki mbili na ushei mwanzoni, inajipatia mwaka wa saba wa kummiliki. Kris Bryant ndiye kielelezo. Machi 2015 alipiga .425 na homurani 9 (mipira iliyovuka uzio), hakuna aliyemfikia kwenye mazoezi yale. Klabu yake, Cubs, wakampeleka Iowa kwenye ligi ndogo, wakisema ulinzi wake unahitaji kazi, wakamwita Aprili 17. Alimaliza msimu na siku 171. Siku moja pungufu! Alipeleka malalamiko, na Januari 2020 msuluhishi akaamua dhidi yake. Katikati hapo alikuwa ameshachukua tuzo ya chipukizi bora 2015, mchezaji bora wa National League 2016, na ubingwa wa dunia mwaka huo huo.

Kwa hiyo Bradley na Bryant wote walipiga zaidi ya .400 Machi, mmoja akapandishwa na mwingine akazuiwa, na wastani wa Machi haukuamua lolote kwa usahihi. Tofauti iliyokuwepo ilionekana kwenye kazi yao ya ligi ndogo: Bryant alikuwa ameitawala Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu, mwaka uliotangulia. Bradley alikuwa hajacheza mechi hata moja ya kiwango hicho. Ukitaka kujenga hoja ya kijana wako, anzia hapo.

Mkataba wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji ulipunguza kidogo mchezo huo. Chipukizi anayetajwa miongoni mwa walio bora, akikaa na timu tangu mwanzo na kushinda tuzo ya chipukizi bora, klabu inapata nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji. Mariners walimfungulia Julio Rodríguez msimu wa 2022, akashinda, wakapata chaguo la 29 mwaka 2023. Na akizuiwa kisha akamaliza katika wawili wa juu kwenye kura hiyo, anapewa mwaka kamili hata kama siku hazikutimia. Adley Rutschman wa Orioles alifaidika hivyo mwaka huo huo, maana aliitwa Mei.

Sasa opsheni, neno ambalo likieleweka nusu ya ugomvi wa hapa unakwisha. Mchezaji akiingizwa kwenye orodha ya 40 anakuwa na miaka mitatu ambayo klabu inaweza kumshusha na kumpandisha bila kumpoteza. Mwaka unahesabiwa umetumika akikaa chini siku 20 au zaidi kwa jumla. Akishushwa lazima akae siku 10 kabla ya kurudi, mrushaji siku 15, isipokuwa anamrithi majeruhi. Tangu 2022 hawezi kushushwa zaidi ya mara tano katika msimu mmoja. Miaka hiyo mitatu ikiisha, kumshusha kunapitia weiva: timu nyingine yoyote inaweza kumdai, na ya kwanza kuulizwa ni yenye rekodi mbovu zaidi. Mwenye miaka mitano ya utumishi anaweza kukataa kabisa kushushwa.

Ndiyo maana unaona wachezaji wawili wanalingana, mmoja bora kidogo, na aliye bora ndiye anayeteremshwa. Ana opsheni, mwenzake hana. Klabu ikimshusha mwenye opsheni inabaki na wote wawili. Ikimshusha asiye nayo inabaki na mmoja. Kwa tofauti ndogo ya uwezo, uamuzi huo ni sahihi, na mimi ningeufanya vilevile. Makosa yanaanza pale klabu inapombeba asiye na opsheni hadi Julai kwa kuogopa kumpoteza, ilhali hakuna timu ambayo ingemtaka. Kipimo chake ni rahisi: angalia walioachwa na timu nyingine kwa weiva wiki hiyo. Ukikuta watatu wa aina yake hawajadaiwa, basi hofu haina msingi.

Kanuni ya 5 nayo, inayozuia klabu kuficha wachezaji kwenye ligi ndogo. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini anakingwa misimu mitano, wa 19 na kuendelea misimu minne. Baada ya hapo asipowekwa kwenye orodha ya 40, timu nyingine inaweza kumchukua Desemba kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba abaki kwenye kikosi cha 26 msimu wote. Wakimtaka chini lazima apite weiva, kisha arudishiwe mwenyewe kwa dola 50,000. Mwishoni mwa 2020 Yankees hawakumweka Garrett Whitlock kwenye 40. Alikuwa anatoka kwenye upasuaji wa kiwiko wa 2019. Red Sox wakambeba. Mwaka 2021 akarusha awamu 73 na theluthi moja kwa ERA ya 1.96, yaani chini ya pointi mbili kwa kila awamu tisa. Na alitoka kwa mahasimu wale wale! Hivyo ukiona Novemba klabu inamwacha mrushaji mzuri wa akiba ili impe nafasi kijana usiyemjua jina, jua wanakimbia balaa kama hilo.

Kwa wadau wa Uganda waliouliza kuhusu Umar Male na Ben Serunkuma, waliosainiwa na Dodgers 2022: mkataba wa aina ile ni wa ligi ndogo, hauko kwenye 40. Njia yao inaanzia kwenye ligi za mafunzo, na orodha ya 40 ndiyo mlango wa kwanza wa kweli.

Kabla sijatoka kwenye kikosi, David Ortiz. Desemba 2002 Twins walimwachia bure, wakikwepa mshahara ambao ungepanda kwa msuluhishi. Alikuwa ametoka kupiga homurani 20. Boston walimchukua Januari 2003 kwa dola milioni 1.25, tena akiwa na mshindani kwenye nafasi ile ile, Jeremy Giambi. Akamaliza na homurani 541, kati yake 483 akiwa Boston, na ubingwa wa 2004, 2007 na 2013. Namba 34 ilipanda ukutani Juni 2017, karibu miaka mitano kabla Cooperstown, Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli yote, hawajamchagua.

Hapo ndipo tunaingia kwenye heshima.

Fenway wana ngazi tatu. Ya chini ni Ukumbi wa Umaarufu wa klabu, ulioanzishwa 1995; mchezaji anahitaji angalau miaka mitatu na timu na miaka mitatu tangu aache kucheza. Evans, Wakefield, Clemens, Manny Ramirez, wote wamo. Ya kati haina jina rasmi: namba haigawiwi tena kwa mtu lakini haijatangazwa, kama 21 ya Clemens. Ya juu ni namba kubandikwa kwenye ukuta wa juu upande wa kulia: 1, 4, 6, 8, 9, 14, 26, 27, 34, 45, na 42 ya Jackie Robinson iliyostaafishwa ligi nzima mwaka 1997.

Masharti ya ngazi ya juu yalikuwa makali: uwe umechaguliwa Cooperstown, uwe umecheza Boston miaka 10, na umalizie kazi yako hapo. Sasa fuatilia yalivyovunjwa. Carlton Fisk alimalizia White Sox. Klabu ikampa kazi ya ushauri 1999 ili isemekane amemalizia nyumbani, na 27 ikapanda 2000. Johnny Pesky hakuwahi kuchaguliwa Cooperstown. 6 ikapanda 2008. Pedro Martínez alicheza Boston misimu 7 tu; 45 ikapanda Julai 2015, siku mbili baada ya kuingizwa Cooperstown. Ortiz alipanda kabla ya kura. Wade Boggs, aliyetimiza miaka 11 Boston na wastani wa .338 akiwa hapo, alichaguliwa Cooperstown 2005 na akasubiri hadi Mei 2016, na kila mtu anajua alichezea Yankees miaka mitano.

Kwa hiyo anayeniambia "Evans hatimizi masharti" nitamuuliza: masharti ya nani? Katika uamuzi wa karibuni, klabu imekuwa ikiuliza jambo lingine, yaani kama historia ya timu inaweza kusimuliwa bila mtu huyo. Pedro, hapana, haiwezi: ushindi 117 kwa kushindwa 37, na ERA ya 1.74 mwaka 2000 katika enzi ambayo homurani zilikuwa zinamwagika. Pesky vilevile, kwa njia yake: hiti zaidi ya 200 katika kila mmoja wa misimu mitatu ya kwanza, huku vita ikimkatia miaka mitatu katikati, kisha ukocha, utangazaji na kufundisha vijana hadi uzeeni. Nguzo ya kona ya kulia inaitwa kwa jina lake. Hizo ni sababu halali. Lakini ukizikubali kwa Pesky huwezi kuzikataa kwa wengine.

Twende kwa Evans. Rice na Evans walicheza uwanja mmoja wa nyuma miaka mingi, kwa hiyo kulinganisha ni haki. OPS+, kipimo cha upigaji kinachosahihisha uwanja na enzi ambapo 100 ni wastani, inampa Rice 128 na Evans 127. Hakuna tofauti. Evans alikuwa anafika besi zaidi, .370 dhidi ya .352, kwa sababu alikuwa na jicho la kukataa mipira mibaya. Ana Gold Glove 8. Rice hana hata moja. Kwa WAR ya Baseball-Reference, inayojumlisha kupiga, kukimbia na kulinda, Evans ana takriban 67 na Rice takriban 48. Mechi akiwa Boston ni 2,505, na aliyemzidi ni Yastrzemski peke yake. Katika miaka ya 1980 hakuna mtu wa American League aliyepiga homurani nyingi kuliko yeye, 256.

Kwa nini basi Rice yuko juu? Wapiga kura wa enzi zile waliangalia wastani wa hiti, na .298 inang'aa kuliko .272. Pili, Rice alikuwa na mwaka mmoja uliotikisa, 1978, besi 406 kwa jumla na tuzo ya mchezaji bora. Evans alichanua baada ya kufika 30, polepole, na thamani yake ilikuwa kwenye besi za bure na mkono wa kulia, vitu ambavyo gazeti la asubuhi halikuviweka kichwani mwa habari. Rice mwenyewe aliingia Cooperstown kwenye kura yake ya 15 na ya mwisho, 76.4%. Evans alitupwa nje kwenye kura ya tatu, 1999, akiwa na 3.6%. Desemba 2019 kamati ya wakongwe ilimpa kura 8 kati ya 16, zilihitajika 12.

Na ulinzi wake usiupime kwa Gold Glove tupu. Kulia kwa Fenway, alikocheza Evans, nguzo iko futi 302, mita 92, kisha ukuta unakimbia kwa ghafla hadi futi 380, mita 116, kwenye kizimba cha warushaji wa akiba. Ukuta ni mfupi, jua la mchana linapiga usoni, na mpira ukikupita kwenye kona unazunguka. Mlinzi wa kushoto pale ana ukuta mrefu mgongoni na eneo dogo. Wa kulia ana shamba zima.

Oktoba 21, 1975, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Cincinnati, awamu ya 11, matokeo 6 kwa 6. Ken Griffey yuko besi ya kwanza, mmoja ametoka, Joe Morgan anapiga mpira wa juu mrefu kulia. Evans anakimbia kinyumenyume, mpira unamzidi kichwa, anauruka na kuudaka kando ya uzio mfupi, kisha anageuka na kuurusha kuelekea besi ya kwanza. Mtupo hauendi sawa. Yastrzemski anaufuata na kumpasia Burleson aliyekimbilia besi, na Griffey, ambaye alikuwa ameshavuka besi ya pili, anatolewa. Wawili nje kwa mpira mmoja, awamu ikaisha. Awamu iliyofuata Fisk akapiga ile homurani ya nguzo ambayo dunia nzima inaijua. Bila Evans hakuna Fisk. Mimi 24, namba yake, ningeipandisha kesho asubuhi.

Tim Wakefield, mrushaji wa mpira wa kuyumba, ni kesi tofauti, na wanaomtetea kwa takwimu za ubora wanamharibia. ERA yake ya maisha ni 4.41. Usiingie vitani na hiyo. Mtetee kwa kiasi na utumishi: misimu 17, awamu 3,006 na mechi za kuanza 430, zote rekodi za klabu, na ushindi 186 nyuma ya Clemens na Cy Young wenye 192 kila mmoja. Mwaka 2005 alikubali mkataba wa dola milioni 4 ambao klabu ingeweza kuurefusha mwaka baada ya mwaka. Kwenye nusu fainali ya 2004, Yankees walipokuwa wanawachapa 19 kwa 8 katika mechi ya tatu, aliacha zamu yake ya kuanza mechi ya nne akaingia kurusha awamu tatu na theluthi ili wenzake wa akiba wapumzike. Mechi ya tano akarusha awamu tatu za mwisho, ya 12 hadi ya 14, bila kuruhusu pointi, huku mpira wake wa kuyumba ukimponyoka mdakaji Varitek, asiyeuzoea, mara tatu katika awamu ya 13 pekee.

Haki itendeke pia kwa upande wa gharama. Mpira ule ulihitaji mdakaji wake maalumu, yaani nafasi nzima ya benchi. Mwanzoni mwa 2006 walimpa kazi Josh Bard, ukamponyoka mara 10 katika mechi tano. Mei mosi wakamrudisha Doug Mirabelli kutoka San Diego, akapokelewa kwa msafara wa polisi ili awahi mechi, na walimtoa Bard pamoja na mrushaji Cla Meredith, ambaye alimaliza mwaka ule na ERA ya 1.07. Hiyo ni bei halisi ya kumweka Wakefield kikosini, na anayepima kwa haki aihesabu. Bado nasema ndiyo kwa 49, namba yake, kwa mlango ule ule wa Pesky. Alifariki Oktoba 1, 2023, akiwa na miaka 57, na ilipasa ifanyike angali hai.

Clemens: takwimu zimemaliza kazi, miaka 13, tuzo tatu za Cy Young (za mrushaji bora) akiwa Boston, straiki tatu mara 20 katika mechi moja, 1986 na tena 1996. Kinachobaki ni ripoti ya Mitchell ya 2007 kuhusu dawa za kuongeza nguvu, iliyomtaja, na namna mnavyoitazama. Cooperstown walimfungia 2022 akiwa na 65.2%. Anayemkataa aseme hivyo wazi, asijifiche kwenye kanuni ya kumalizia kazi nyumbani, maana hiyo ilishazikwa. Dustin Pedroia, wa besi ya pili, nampa muda. Chipukizi bora 2007, mchezaji bora 2008, Gold Glove nne na klabu moja maisha yote, hoja yake inajitosheleza ila goti lilimkatisha mapema.

Limebaki moja la kiutendaji aliloliuliza mdau: 24 ilivaliwa pia na Manny Ramirez, mchezaji bora wa fainali ya 2004, homurani 274 akiwa Boston. Kuna aliyejibu kwamba kumpa Evans ni kumfungia Manny. Si kweli. Yankees walistaafisha 8 kwa watu wawili, Dickey na Berra, tangu 1972, na Seattle 51 ni ya Ichiro na Randy Johnson. Namba moja inabeba majina mawili bila shida. Manny ana adhabu mbili za dawa, 2009 na 2011, kwa hiyo atasubiri; Evans hana sababu ya kumsubiri.

Mnaohofia namba zitakwisha, Yankees wamemaliza 1 hadi 9 zote na bado wanavaa. Aaron Judge alipewa 99 kwenye mazoezi ya Machi kwa sababu ya msongamano huo, akaamua kubaki nayo.